Saa moja dirishani, usiku mzima kwenye taa

Ifikapo wikendi ya mwisho ya Januari, Ijumaa hadi Jumapili, mamia ya maelfu ya Waingereza husogeza kiti dirishani, humimina chai na kukaa saa moja wakihesabu ndege. Nje baridi inauma, miti imebaki matawi matupu, na London jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa mtu aliyekulia Tanga au Kisumu, hali hiyo ni ya kufunga mlango na kujikunyata ndani ya blanketi. Lakini kwa wapenzi wa ndege na wadudu huu ni wakati mzuri kuliko wanavyodhani wengi. Hakuna jani la kumficha ndege, njaa inawasogeza karibu na nyumba za watu, na usiku una saa kumi na tano za giza.

Masharti ya hesabu ni mepesi. Mtu huchagua saa moja yoyote ya mchana katika siku hizo tatu. Huhesabu ndege waliotua kwenye bustani yake, baraza ya ghorofa yake au bustani ya umma iliyo jirani. Anayepita juu bila kutua haandikwi. Kuna kanuni moja inayowachanganya wageni: kinachoandikwa ni idadi kubwa zaidi ya ndege wa aina moja walioonekana kwa mkupuo, siyo jumla ya mara walizoonekana. Robini, kidege chenye kifua cha rangi ya chungwa ambacho Waingereza wanakipenda kupita kiasi, anaweza kuja uani mara kumi ndani ya saa hiyo. Bila kanuni, robini mmoja angekuwa kumi na taifa zima lingejidanganya.

Na kweli mara nyingi ni yule yule mmoja. Robini ni mkali kuliko sura yake. Wakati wa baridi jike naye hushika eneo lake mwenyewe, huliimbia na kulipigania, jambo ambalo ndege wengi wa Ulaya huliachia madume na majira ya kuzaliana. Mtaalamu wa ndege David Lack, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu robini mwaka 1943, alionyesha kwamba kishada tu cha manyoya mekundu, bila kichwa wala mkia, kinatosha kumfanya robini ashambulie. Anayeona robini wawili wametulia pamoja uani mwake mwezi Januari ana jambo la kuandika pembeni, kwa sababu huenda wameanza kupatana kuwa mke na mume.

Hesabu hii ilianza mwaka 1979 kama shughuli ya watoto. RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, liliwaomba watoto waangalie ua wao, na kipindi cha watoto cha BBC kiitwacho Blue Peter kikaitangaza. Watu wazima wakaivamia. Mwaka 2024 walishiriki zaidi ya watu 600,000 na wakaandika ndege zaidi ya milioni tisa. Shirika lenyewe lina asili ya kupendeza: lilianzishwa mwaka 1889 na wanawake waliochukizwa na mtindo wa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege, enzi ambazo ndege wazima walikuwa wakishonewa kwenye kofia za mabibi wa mjini.

Ndege anayeongoza karibu kila mwaka ni shomoro wa nyumbani, huyu huyu anayeokota makombo chini ya meza za mikahawa ya Mombasa. Kuongoza huko kunapotosha, kwani idadi ya shomoro wanaoonekana katika bustani moja imepungua kwa karibu asilimia 60 tangu 1979. Anaongoza msafara unaopungua. Kwezi wa Ulaya wameanguka vibaya zaidi, ingawa jioni za baridi bado makundi yao huzunguka angani juu ya gati la Brighton na mabwawa ya Somerset, maelfu kwa maelfu, kabla ya kushuka kulala. Mtalii anayepiga picha za kundi hilo haambiwi kwamba wengi wao ni wageni waliotoka mashariki na kaskazini mwa Ulaya kukimbia barafu. Wenyeji ni wachache.

Kisa cha chiriku wa kijani kinaumiza zaidi, kwa kuwa ukarimu wenyewe umechangia. Mwaka 2005 ulionekana kwa ndege hao ugonjwa wa vimelea unaoshambulia koo. Ndege mgonjwa hushindwa kumeza, hutema mbegu iliyolowa mate, na anayemfuata mezani huiokota. Meza za kulishia ndege, ambazo wenye nyumba walizijaza kwa nia njema kila asubuhi, zikawa njia ya kuenezea ugonjwa. Mwaka 2021 chiriku huyo aliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini Uingereza. Ushauri wa sasa ni kuosha vyombo vya chakula kila wiki, kuvihamisha mahali na kuepuka meza bapa ambazo chakula na kinyesi hukaa pamoja. Ni ushauri ambao mfuga kuku yeyote wa Kibaha angeutoa bila kuulizwa.

Katika karatasi hizo za Januari kuna tarakimu ambayo watu huona haya kuiandika, nayo ni sifuri. Anayekaa saa nzima bila kuona hata kunguru hushawishika kutotuma chochote. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, maana wakituma tu waliobahatika, kila mwaka utaonekana wa neema. Saa tupu ni taarifa sawa na saa yenye shomoro ishirini, na pengine ina uzito zaidi.

Bustani ikichosha, yapo maji. Kaskazini-mashariki mwa London, umbali mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Tottenham Hale, kuna Walthamstow Wetlands: mabwawa kumi yanayohifadhi maji ya kunywa ya jiji, yaliyofunguliwa kwa umma bila kiingilio Oktoba 2017. Pande zote ni majengo ya ghorofa, nyaya za umeme na reli. Katikati, juu ya visiwa vyenye miti, korongo wa kijivu huanza kurekebisha viota vyao kabla Januari haijaisha, wakati bado maji ya pembeni yanaganda.

Anayestahili kutazamwa kwa subira ni bata wa mdomo mpana, ambaye wataalamu humwita Spatula clypeata. Dume ana kichwa cha kijani iliyokolea, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Jike ni wa kahawia tu. Wote wawili wana mdomo uliotanuka nchani kama koleo. Mara nyingi hawali peke yao. Kumi au kumi na watano hujipanga mduara, kila mmoja akiwa nyuma ya mkia wa mwenzake, wakaogelea wakizunguka huku vichwa vimezama hadi machoni. Miguu yao inavuruga maji na kuinua vijidudu vidogo kutoka chini. Midomo, yenye safu za meno laini pembeni kama kitana, inachuja. Wanaweza kuzunguka hivyo kwa dakika nyingi bila hata mmoja kuinua kichwa, na mwenye darubini ndiye huchoka kwanza.

Bata hao hao huonekana Naivasha na Nakuru miezi hii hii. Si ndugu wa mtaa mmoja: wanaofika Bonde la Ufa hutoka zaidi upande wa Urusi, na wa London hutoka kaskazini mwa Ulaya. Lakini ni aina moja, wanachuja kwa namna moja, na Mkenya aliyewahi kuwaona Naivasha hahitaji kitabu akifika Walthamstow.

Mgeni mwingine wa bustani za Uingereza wakati wa baridi ana historia iliyowashangaza wanasayansi. Ni kidege cha kijivu kiitwacho Sylvia atricapilla. Dume ana kofia nyeusi, jike kofia ya hudhurungi. Wengi wa aina hii hukimbia baridi kwa kwenda kusini, na wale wa mashariki ya Ulaya hufika mpaka nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Ila tangu katikati ya karne ya 20 baadhi ya wale wa Ulaya ya Kati wameacha njia ya wazazi wao. Badala ya kuelekea Hispania, hugeuka kaskazini-magharibi na kuja Uingereza, ambako baridi imepungua ukali na mabonge ya mafuta na mbegu yananing'inia kila ua. Mjerumani Peter Berthold na wenzake waliwazalisha ndege hao wakiwa kizuizini, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo: makinda ambayo hayajawahi kusafiri yalielekea upande ule ule wa wazazi wao waliokamatwa Uingereza. Mwelekeo umo katika damu. Kwa maneno mengine, kibibi anayetundika chakula cha ndege nyuma ya nyumba yake huko Bristol anashiriki kubadili safari ya aina nzima ya ndege.

Giza likishaingia, zamu ya nondo inaanza.

Hapa ndipo watu wengi huguna. Nondo? Januari? Jina hilo kwa walio wengi lina maana ya kitambaa kilichotoboka, sweta lililoliwa, dawa ya vidonge vyeupe kabatini. Uingereza ina aina zipatazo 2,500 za nondo, na wale wenye hamu na sufu zetu ni wachache wa kuhesabika kwa vidole. Vipepeo wa mchana, wanaochorwa kwenye kadi na vikombe, hawafiki aina 60. Kwa uwiano huo, anayetaka kujua hali ya wadudu wa nchi hiyo angetazama nondo kwanza, na kwa bahati nondo wana udhaifu unaorahisisha kazi: wanaijia taa.

Mtego wake ni kitu cha kawaida kabisa. Ni sanduku lenye faneli juu, taa juu ya faneli, na ndani trei za mayai zilizopangwa wima. Nondo huzunguka taa, hugonga, huteleza ndani ya faneli, kisha hujibanza kwenye vishimo vya trei mpaka kunapokucha. Asubuhi mwenye mtego huinua trei moja moja, huandika kilichomo, na kuwaachia kwenye majani ambako robini hawafikii. Hili la mwisho si mzaha. Robini hujifunza haraka sana mtego uko wapi na unafunguliwa saa ngapi, na mwenye mtego asiye mwangalifu huishia kuandaa kifungua kinywa.

Kwa nini wanaijia taa, watu wamebishana karne nyingi. Januari 2024 kundi la watafiti, wakiwemo wa Imperial College London, lilichapisha picha za kamera za kasi zilizopunguza ubishi. Mdudu wa usiku hapendi taa wala hakosei kuidhania mwezi. Anaigeuzia mgongo. Kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga zaidi usiku ulikuwa juu, angani, kwa hiyo kuuelekeza mgongo kwenye mwanga kulimweka mdudu sawasawa angani. Taa ikiwa pembeni, anainama kuifuata, njia yake inapinda, na anabaki akizunguka bila uwezo wa kujitoa.

Ndege nao mwanga huwapoteza. Katika Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mwezi mwezi Novemba na Desemba, taa kali za hoteli ya Ngulia huwashusha ndege wa usiku wanaotoka Urusi, Ulaya ya Mashariki na Mashariki ya Kati wakielekea kusini. Tangu 1969 wataalamu na wanaojitolea huwakamata kwa nyavu, huwavisha pete mguuni na kuwaachia; wamefika mamia ya maelfu. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu safari za ndege hao kupitia Afrika Mashariki ilipatikana pale, kwa msaada wa ukungu na taa.

Mtego wa Januari huko Uingereza haujai. Usiku mkavu wenye anga safi na barafu unaweza kuleta trei tupu. Usiku wa mawingu, bila upepo, joto likiwa nyuzi saba au nane, huleta watano au kumi. Wote ni wa kijivu na kahawia, rangi za magome. Uzuri wao hautaki haraka. Phigalia pilosaria, anayeruka kuanzia Januari hadi Machi, ana manyoya mazito kifuani na mabawa yenye michirizi ya kijani-kijivu inayopotea kabisa akitua kwenye mwaloni wenye kuvu. Katika miji iliyowahi kusheheni moshi wa viwanda alikuwepo, na bado yupo, wa rangi nyeusi tupu.

Mtego hata hivyo huonyesha nusu tu ya jamii yao. Kwa aina kadhaa za majira ya baridi, wanaoijia taa ni madume peke yao, kwa sababu majike hawawezi kuruka. Kuwaona inabidi mtu achukue tochi aende msituni. Epping Forest, unaoanzia kwenye kingo za London na kulindwa kwa sheria tangu 1878, unafaa sana: una mialoni mizee yenye magome yaliyopasuka. Taa ya tochi ipandishwe taratibu kutoka kwenye mizizi hadi usawa wa macho. Kinachotafutwa hakifanani na nondo hata kidogo. Ni tumbo lililovimba, la kahawia, lenye urefu usiofika sentimita moja, limebebwa na miguu sita mirefu. Mahali pa mabawa kuna vishina vinne vifupi vyenye pindo. Anatembea juu ya gome kwa mwendo wa bila haraka, akisimama, akitoa harufu ambayo dume huisikia kwa vipapasio vyake kutoka mbali gizani. Ukimulika vizuri huenda ukamkuta dume tayari ameshamfikia, kichwa kikitazama chini, mabawa yake ya kijivu yamemfunika nusu.

Huyo ni Operophtera brumata, nondo wa baridi. Huibuka ardhini Novemba na Desemba, na wachache huonekana mpaka Januari. Jike hubeba mayai mia moja na ushee, na ameuza mabawa ili ayabebe. Chakula na joto ambavyo vingekwenda kwenye misuli ya kurukia vimekwenda tumboni. Wakulima wa matofaa wanamjua kwa kutembea kwake. Kila Oktoba hufunga ukanda wenye grisi kuzunguka shina la mtofaa, jike akipanda ananasa, na mti unanusurika na viwavi.

Dume naye ana fumbo lake. Wadudu wengi wakipoa chini ya nyuzi kumi hawawezi kupiga bawa. Dume wa nondo wa baridi huruka hewa ikiwa karibu na nyuzi sifuri, na mwili wake ni wa baridi vile vile. Siri iko katika ujenzi: mwili mwembamba, mabawa mapana, na misuli ya kurukia iliyochukua sehemu kubwa ya uzito wake, kwa hiyo hata misuli ikifanya kazi kwa nguvu kidogo inatosha kumwinua. Anaruka polepole, kidhaifu, lakini anaruka. Nondo wanene wa majira hayo, kama Eupsilia transversa, wamechagua njia nyingine. Bernd Heinrich, aliyewachunguza jamaa zao Marekani, alionyesha kwamba hutetemesha misuli mpaka kifua kifike nyuzi 30 au zaidi, kisha manyoya mazito huzuia joto hilo lisipotee, na mpangilio wa mishipa hulizuia lisivujie tumboni. Joto lote hilo hulipiwa kwa utomvu wa miti na matunda yaliyooza. Ndiyo maana wapenzi wa nondo hupaka magome mchanganyiko uliochemshwa wa sukari guru na bia, ulioongezwa ramu kidogo, na kurudi na tochi baada ya chakula cha jioni. Majirani huwadhania mengi.

Mayai yaliyotagwa kwenye nyufa za gome huunganisha hesabu mbili, ya dirishani na ya kwenye trei. Hukaa baridi nzima, kisha huanguliwa Aprili, machipukizi ya mwaloni yanapofunguka. Kiwavi akitangulia siku chache, hakuna jani na anakufa. Akichelewa, jani limekomaa na kujaa uchungu. Na anayemngoja kwa hamu ni kile kidege chenye kofia ya buluu na tumbo la njano kinachoning'inia kwenye kila bonge la mafuta mwezi Januari, uzito wake gramu kumi na moja. Mbegu za karanga humfikisha Machi. Makinda yake hayalelewi kwa karanga. Yanataka viwavi, mamia kwa siku kwa kiota kimoja, na viwavi wa nondo wa baridi ni sehemu kubwa ya kapu hilo.

Karibu na Oxford, katika msitu wa Wytham, jambo hili limefuatiliwa pande zote mbili. David Lack, yule yule wa robini, alianza mwaka 1947 kufuatilia viota vya ndege wa jamii hiyo, hasa yule mkubwa mwenye mstari mweusi kama tai kifuani, na kazi inaendelea hadi leo katika masanduku ya viota yapatayo elfu moja. George Varley na George Gradwell nao walihesabu nondo wa baridi katika msitu huo huo kuanzia 1950 hadi 1968. Kwa kuwa kuna mtu aliyeandika tangu mwanzo, sasa inajulikana kwamba ndege hao wanataga wiki mbili na zaidi mapema kuliko babu zao wa miaka ya 1960, wakifuata viwavi wanaoanguliwa mapema kwa sababu ya joto. Wytham wameweza kwenda nao sambamba. Kwingineko Ulaya ndege wa aina hiyo wameachwa nyuma kwa siku kadhaa, na siku kadhaa ni muda mrefu kwa kinda.

Upande wa nondo, kumbukumbu ndefu kuliko zote zinatunzwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, huko Harpenden. Mtego wa kwanza uliwashwa pale mwaka 1933, na tangu miaka ya 1960 mtandao wa mitego ya aina moja umeenea nchi nzima, kila usiku, mwaka mzima, mingi ikihudumiwa na watu wa kujitolea. Kutokana na mitego hiyo, ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wingi wa nondo wakubwa Uingereza ulipungua kwa asilimia 33 kati ya 1968 na 2017. Kusini hali ni mbaya kuliko kaskazini. Mwaka huo huo wa 2021 Douglas Boyes na wenzake walichapisha matokeo mengine: chini ya taa za barabarani kusini mwa nchi, nyua za vichaka zilikuwa na viwavi pungufu kwa asilimia 47 kuliko nyua za gizani zilizo jirani. Taa nyeupe za LED, zinazosifiwa kwa kuokoa umeme, ndizo zilikuwa mbaya zaidi.

Wapo pia ambao hesabu ya Januari haiwezi kuwaona kwa kuwa wamesafiri. Mbayuwayu wa Uingereza wako Afrika Kusini. Hilo lilithibitishwa kwa pete moja: mwanasheria John Masefield wa Staffordshire alimvisha mbayuwayu pete Mei 1911, na ndege huyo akakamatwa Natal Desemba 1912. Kekeo, ndege ambaye wimbo wake Waingereza wanauchukua kuwa ndio tangazo la kipupwe kuisha, yuko ndani ya msitu wa bonde la Mto Kongo. Tangu 2011 BTO, taasisi ya utafiti wa ndege yenye makao Thetford, imekuwa ikiwafunga kekeo vifaa vya setilaiti, na imeonekana kwamba ndege anayedhaniwa ni wa Kiingereza hukaa kwao Uingereza wiki chache tu kwa mwaka. Madume wengi huondoka Juni. Kwa kalenda, kekeo ni Mkongo anayekwenda Ulaya kuzalia.

Idadi ya kekeo wanaorudi Uingereza imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1980, na swali la sababu linawarudisha watafiti kwenye nondo. Kekeo hula viwavi wenye manyoya yanayowasha, ambao ndege wengine huwakataa. Mmoja wao ni kiwavi wa Arctia caja, nondo wa kiangazi mwenye mabawa ya mbele ya kahawia na meupe na ya nyuma ya rangi ya chungwa yenye madoa meusi. Zamani kila mtoto wa kijijini alimweka kiwavi huyo kwenye chupa ya jamu. Katika mitego ya Rothamsted idadi ya nondo huyo imeanguka kwa takriban asilimia 90 tangu 1968. Kiwavi wake hupitisha baridi akiwa mdogo, chini kwenye nyasi, na takwimu zilizochapishwa mwaka 2002 zilionyesha kwamba kinachomwumiza si baridi kali, bali Januari yenye mvua nyingi. Kekeo wamebaki zaidi nyanda za juu na kwenye mapori ya vichaka, mahali ambapo viwavi wenye manyoya nao bado wapo. Mashambani wametoweka kwa kasi.

Kwa mwenye nyumba, hayo yote huishia kwenye kazi za mikono Jumapili mchana, baada ya kutuma hesabu. Wengine huzima taa ya nje inayowaka usiku kucha bila sababu. Wengine huacha kona moja ya ua bila kukatwa: magugu yanayowasha, soreli, nyasi ndefu zilizolala, vitu ambavyo kiwavi wa Arctia caja huvila na kujificha ndani yake. Hapo ndipo mashauri na majirani huanza, kwani bustani ya mbele ya Mwingereza ni heshima ya mtaa, na kona ya magugu husomwa kama uvivu. Baadhi ya halmashauri zimeanza kupunguza ufyekaji kando ya barabara, na barua za malalamiko hufika ofisini kila mwaka mara tu nyasi zikipita urefu wa goti. Matokeo ya hesabu ya Januari hutangazwa Aprili, kekeo wa kwanza wakiwa wameshavuka Sahara.